Mtende wa Katekista Wambura

Vijana wa kitaluni, siku ya kuniaga mlinitaka niseme neno, nikasema nina njaa, tukala. Neno lenyewe nimekuja kulipata nikiwa nyumbani Buhare, nimekaa bila kazi, mikono inawasha kwa kukosa udongo. Basi naandika. Habari za vyeo naziacha, kwa sababu nilianza kwa kuitwa dada nikaishia kuitwa mama, na hapo katikati sikuona cheo. Nitaandika juu ya mimea ya nchi za mbali tuliyoilazimisha iishi kwetu, na juu ya mmoja ulionishinda.

Nilianza kazi Makoko, hapa Musoma, nikiwa msichana. Kitalu kilikuwa palepale mnapopajua, ila hapakuwa na wavu wa kivuli wala bomba. Maji tulichota ziwani kwa madumu. Msimamizi alikuwa Mzee Masatu, mtu mfupi mwenye sauti ya kukoroma hata akiwa macho. Siku ya kwanza nilikuta ndoo ya kumwagilia mlangoni, nikaibeba ili nionekane mchapakazi. Sikufika nayo mbali.

"Binti, unaenda wapi na hiyo?"

"Kumwagilia, mzee."

"Umeambiwa na nani kwamba zina kiu? Zimekuita?"

Akanipokonya ndoo, akanikalisha juu ya jiwe mbele ya safu za kaktasi, akasema kazi yangu siku hiyo ni kutomwagilia. Nilikaa mpaka jioni. Kila nikiinuka alinitazama, nakaa tena. Nyumbani mama aliniuliza nimefanya nini kutwa, nikamjibu kwamba nimeajiriwa kutazama miiba. Alinionea huruma, akaniongezea samaki.

Baadaye nilielewa. Mtu wa kwetu akiona mmea umesimama kimya juani, roho inamuuma, anataka kuupa kitu. Kaktasi nyingi nilizozika katika kazi hii ziliuawa na watu wema. Mzee Masatu alinifundisha kutumbukiza kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili kabla ya kugusa ndoo. Kikitoka na unyevu, unaondoka zako. Kikitoka kikavu, unaondoka pia, unarudi baada ya siku kadhaa. Hapo ukikikuta bado kikavu ndipo unamwagilia, tena kwa uchoyo.

Udongo ndio nusu ya kazi. Mimea hii ya jangwani haiogopi jua letu, inaogopa miguu kulowa. Tulichanganya changarawe ya kando ya ziwa, matofali yaliyopondwa, vipande vya mkaa, na samadi kidogo iliyokaa mpaka ikapoteza harufu. Ukikamata konzi ya mchanganyiko huo ukaibana, ukifungua mkono inatakiwa imwagike. Ikibaki imeshikana kama tonge la ugali, rudia.

Vifaa vilikuwa vichache na vyote vya kujitengenezea. Kaktasi haishikwi kwa mkono mtupu, na haishikwi kwa glavu, maana ile miiba midogo kama manyoya hupenya kitambaa ikabaki humo, nawe utaichukua hadi nyumbani ulale nayo. Mzee Masatu alikata mipira ya ndani ya baiskeli kuwa mikanda mirefu. Unaizungushia kaktasi kiunoni, unakutanisha ncha, unainua. Mwiba usioonekana ukikuingia, unaudondoshea nta ya mshumaa, unaiacha igande, unabandua. Mkasi wa kupogolea ulikuwa mmoja tu, na haukulala kitaluni, ulilala chini ya kitanda chake. Aliwahi kuniambia kwamba anaweza kumwazima jirani mke wake akasaidie kupika msibani, lakini mkasi hauazimwi.

Mitende alinifundisha kwa kuchelewa, nadhani kwa sababu aliipenda zaidi. Siku moja alikuja mteja aliyewahi kuishi nchi za baridi, akatusimulia kwamba huko wapo watu wanaopanda mitende mbele ya nyumba zao, na msimu wa theluji ukifika huivika magunia kichwani na kuifunga blanketi shinani, ili baridi isiingie ndani. Mzee Masatu alicheka mpaka akakohoa. Blanketi! Wakati yeye na wajukuu zake wanagombania moja! Mteja alipoondoka aliacha kucheka, akasimama mbele ya mitende yetu muda mrefu.

"Wenzetu wanaogopaga theluji," akasema. "Sisi tuogope masika. Njia ni ileile. Hatari inaingilia juu."

Ndipo akanionyesha moyo wa mtende. Miti mingi ukiikata kichwa huchipua ubavuni. Mtende wa shina moja una chipukizi moja tu, limejificha katikati ya makuti, na majani yote ya maisha yake hutoka hapo. Jani jipya hutoka likiwa limefungwa, limesimama wima, jeupe na laini. Likikatwa au likivunjwa, na mvua ikaingia katika kidonda kile, panaoza kwa ndani bila wewe kujua. Makuti ya nje yatabaki ya kijani miezi kadhaa, yakikudanganya. Kuanzia siku hiyo kila nikipita chini ya mtende huangalia katikati kwanza, hata kanisani, hata harusini.

Kazi za nje ya Musoma nilianzia Bunda. Pale Manyamanyama mama mmoja mwenye nyumba ya wageni alinunua kaktasi zetu nzuri akazipanga uani, na kabla ya msimu kwisha akatuma ujumbe kwamba tumemuuzia wagonjwa. Nilikuta zimelainika kama parachichi lililoiva.

"Mama, mmezipa nini hizi?"

"Tumezipa kila kitu," akasema kwa uchungu. "Samadi kutoka zizini kwa mzee, ya moto moto. Maji asubuhi, maji jioni. Na wageni wakipitaga wanazimwagia yale ya kunawia. Hakuna kitu tumezinyima!"

"Ndiyo maana zinakufa."

Alinitazama kana kwamba nimemtukana ng'ombe wake. Kwa watu wenye zizi, kuna mmea gani unaokataa samadi? Na ule udongo mweusi wa Bunda, unaopasuka kiangazi na kunata masika, ulikuwa umezishika mizizi kama matope yanavyoshika gumboti. Nilijenga tuta la mawe na changarawe, nikapanda nyingine juu yake, nikawaambia wahudumu wote kwamba mimea hii ina Kwaresima ya mwaka mzima. Hilo walilielewa vizuri kuliko maelezo yangu yote, na kaktasi zile bado zipo.

Sasa nifike Butiama.

Katekista Wambura alikuja kitaluni akiwa juu ya lori la pamba, mrefu, vumbi hadi kwenye nyusi, na sauti ya mtu aliyezoea kuongoza nyimbo bila kinanda. Alisema anataka mti wa Jumapili ya Matawi.

"Kigango chetu kinapeperushaga majani ya mgomba," alilalamika. "Yesu hakuingia Yerusalemu na migomba."

"Ulikuwepo?" akauliza Mzee Masatu.

"Nimesoma."

"Basi umesoma vizuri. Chukua huu."

Alimpa mtende wa mapambo, wa shina moja, uliofika kiunoni. Nilitumwa mimi kwenda kuupanda. Nyumba yao ilikuwa kando ya barabara, ya matofali ya kuchoma, uwanja umefagiliwa mpaka unaona mistari ya ufagio. Kanisani hapakuwa na maji ya uhakika, ndiyo maana mti aliutaka nyumbani kwake. Tulichimba shimo pana, nikainua udongo katikati ili maji yasituame, tukaupanda. Mkewe, ambaye watu wote walimwita Mama Katekista, alituletea uji wa ulezi, akauangalia ule mche kwa mashaka.

"Utakua lini, mdogo wangu?"

"Pole pole, dada. Utatupita sote."

"Huyu naye," akasema, akimwonyesha mumewe kwa kidevu. "Anapendaga vitu vya kusubiri."

Ulikua. Kila nilipopita Butiama niliingia kuutazama, na kila mara niliukuta umefagiliwa chini kama mgeni anatarajiwa. Jumapili ya Matawi ya kwanza yenye makuti ya kutosha, kigango kizima kilikuja pale kuchukua matawi na kuanzia maandamano uwanjani. Wambura aliweka sharti. Kila anayetaka tawi asimame chini ya mti apige hodi akimwita Wambura kwa jina, ndipo yeye atoke na mkasi, achague kuti la pembeni, akate. Hakuvumilia mtu kuchukua kitu cha watu kimya kimya. Basi ikawa desturi, watu wazima na watoto wamepanga mstari, "Hodi, Wambura! Hodi, Wambura!" na yeye anakata huku anatania. Alikata vizuri. Ningemwajiri.

Alifariki kwa ugonjwa, akazikwa pale pale nyumbani, hatua chache kutoka kwenye mtende. Nilikwenda kumpa pole mjane, na kama mnavyofanya ninyi nyote msibani, niliangalia mti nisimwangalie yeye. Ulikuwa umevuka bati.

Miaka ikapita. Mzee Masatu naye alistaafu, akaniachia mkasi, hatimaye tukamzika. Siku moja Mama Katekista alinipigia simu. Alisema mtende unalia. Sikuelewa mtende unaliaje, nikaenda.

Niliegemeza ngazi, nikapanda. Makuti ya nje yalikuwa ya kijani. Katikati, jani jeupe lilikuwa limeinama, nikalishika, likatoka lote mkononi, mwisho wake mweusi na laini, na harufu kama ya mihogo iliyosahaulika kwenye maji. Ute wa rangi ya chai ulikuwa unachuruzika shinani. Huko ndiko kulia kwenyewe. Niliona pia alama za panga, za mwaka ule na za miaka ya nyuma, zote zimeelekea kwenye moyo.

Nilishuka nikamuuliza nani anakata siku hizi.

"Vijana wa kigango. Tangu mzee aondoke, wanapandaga wenyewe. Hawapendi ya pembeni, yana miiba na ni magumu. Wanapendaga lile jeupe la katikati, linasukika misalaba mizuri."

Ni kweli, linasukika. Karibu kila nyumba ya jirani ina msalaba wa kuti juu ya mlango. Na Jumapili ya Matawi, mnajua wenyewe, huangukia wakati masika yanaanza. Mwaka baada ya mwaka walikuwa wanaufungua ule mti kichwani kwa upendo wote, halafu mvua inaingia. Ningekuwa na mtu wa kumkasirikia ningejisikia vizuri zaidi.

Nilikwangua uozo wote kwa kijiko kirefu mpaka nikafika penye nyama nyeupe. Nikamimina ile dawa yenye kutoa povu wanayosafishia vidonda zahanati, ikachemka, nikangoja itulie, nikarudia. Kisha nikapaka mrututu, ile dawa ya buluu ya wakulima, na kuufunika moyo kwa dumu lililokatwa nusu ili mvua isiguse. Nilimkumbuka yule mteja na magunia yake. Ukiona mtende uliovaa dumu kichwani unaweza kucheka, na waliopita barabarani walicheka.

Nikamwambia Mama Katekista masharti. Mti usikatwe kuti lolote, hata la nje, kwa Jumapili mbili za Matawi, maana makuti yaliyobaki ndiyo yanayoulisha. Baada ya hapo, yakatwe ya pembeni tu.

Aliinua macho kwenye makuti. Nilidhani anahesabu, kumbe anatafuta namna ya kuniambia.

"Mdogo wangu," akasema, "mimi na Wambura hatukupata mtoto. Unalijua hilo."

"Nalijua, dada."

"Kwetu mtu akifa, jina lake anapewa mjukuu. Wanamwita kula, wanamwita kuchunga, wanamgombeza. Jina linatembea. La Wambura litatembea na nani? Ndugu zake wana majina ya baba zao ya kutosha. Siku moja tu kwa mwaka ninasikiaga watu wanaita Wambura hapa uwanjani. Hata vijana ambao hawakumwona, wanapiga hodi kabla ya kupanda. Sasa unaniambia wasije."

"Waje. Wasikate tu."

"Watakuja kufanya nini?"

Nilimwambia kwamba mti ukifa hawatakuja milele, na ukipona watakuja miaka mingi. Ilikuwa kweli, na nilivyoisema niliona ni kweli ya mtu anayerudi zake Musoma jioni. Alikubali. Akamwita katekista mpya, kijana mpole aitwaye Marwa, nikamweleza, naye akatangaza kanisani.

Nilikuwa nakwenda kila nilipopata nafasi. Kiangazi kile, siku moja nilipoondoa dumu, niliona kitu cha kijani chepesi katikati, kifupi, kimekunjamana kama ngumi ya kichanga. Nilipiga kelele pale juu ya ngazi mpaka Mama Katekista akatoka na mwiko mkononi. Jani la kwanza baada ya kidonda hutoka baya, limekatika ncha. La pili huwa afadhali. La tatu lilitoka zuri kabisa. Nimeona mambo mengi ya kunifurahisha kazini, lakini hilo lilinipa usingizi mtamu wiki nzima.

Jumapili ya Matawi ilipofika nilikwenda mwenyewe, nisingoje kusikia habari kwa watu. Nilimkuta Mama Katekista ameketi nje, amevaa kitenge chake cha kanisa, sufuria la uji limefunikwa kando. Maandamano yalianzia shuleni, kwa kuwa huko kulikuwa na migomba karibu. Tulisikia nyimbo zikipita upande wa pili wa kilima, kisha zikaisha. Hakuna aliyekosea. Walitii tulichowaambia.

Niliukagua mti, nikasema unaendelea vizuri sana.

"Nimeona," akasema. "Karibu uji. Mwingi huu, utanisaidia."

Tulikunywa tukashindwa kuumaliza.

Mwaka uliofuata, Jumapili hiyohiyo, nilifika nimechelewa kidogo, kwa sababu ya kazi ya Bunda. Nilianza kuona watu barabarani, wengi kupita watu wa kigango. Wamevaa vizuri, wanaelekea kwa Mama Katekista. Uwanjani palijaa. Marwa alikuwa juu ya ngazi na panga, na Mama Katekista chini yake, ameshika ngazi kwa mikono miwili. Nilipenya kwa viwiko.

"Dada! Tulikubaliana nini?"

"Nimewaita mimi," akasema bila kugeuka. "Usimgombeze mtoto wa watu."

"Bado mwaka huu! Nilisema miwili!"

"Wanakata ya pembeni."

Ya pembeni ndiyo, lakini mti ule ulikuwa na makuti machache, na mstari ulikuwa mrefu. Kila mmoja anafika chini, anasema hodi Wambura, anapewa. Wengine waligawana kuti moja vipande vipande. Nilisimama nimefunga mikono, naona kijani kinapungua, nasikia jina lile linarudiwa kwa sauti nzito, kwa sauti nyembamba, kwa sauti za wazee wasiosikia vizuri wanaopiga kelele. Mama Katekista hakulia. Alikuwa amefumba macho tu, ngazi mkononi.

Makuti ya pembeni yakaisha. Walibaki watu wachache, na mbele yao bibi mmoja kutoka vijiji vya mbali, anayetembelea fimbo, ambaye sidhani kama aliambiwa habari za ugonjwa wa mti. Alisimama mahali pa kusimama.

"Hodi, Wambura," akasema.

Marwa alinitazama mimi. Nilitikisa kichwa. Akamtazama Mama Katekista.

"Huyu amepiga hodi," akasema Mama Katekista. "Mpe."

"Dada, likikatwa hilo mti unakufa. Nakuapia."

"Nakuamini." Ndipo akanigeukia. "Lakini huu mti Wambura hakuupanda utazamwe. Nimekaa nao mwaka mzima umepona, tunatazamana. Mpe, Marwa."

Marwa akakata lile jani jeupe la katikati. Bibi alilipokea kwa mikono miwili. Wengine waligawana machanga yaliyobaki ndani. Kisha wakaondoka wanaimba, yeye Mama Katekista mbele kabisa.

Mimi sikuandamana. Nilikasirika, wala sifichi. Nilikaa juu ya ngazi nikafunga dumu langu upya nikijua ni bure, na niliporudi Makoko nilimjibu vibaya kila mtu. Nilimwona kama yule mama wa Manyamanyama, mtu anayeua kwa kutoa. Tofauti niliiona baadaye sana. Yule wa Bunda hakujua. Huyu alijua kila kitu nilichokijua mimi, nilimfundisha mwenyewe, akachagua.

Mvua za mwaka huo zilikuwa nzito. Mtende haukuwa na jani hata moja la kuulisha, na moyo uliingia maji. Kabla kiangazi hakijakolea nilikwenda kuukata, kwa sababu aliniomba niukate mimi, asije mtu mwingine. Nilikata kwa msumeno, na nyama yake ndani ilikuwa imeshageuka nyuzi. Nililia kidogo, nikisingizia vumbi la msumeno. Mama Katekista aliniletea maji ya kunawa.

"Usikate mpaka chini," akasema. "Acha kimo cha kukalia."

Hiyo ndiyo kazi iliyonishinda, vijana. Nimeponya mitende mingine kwa njia ileile, na ninyi mnaijua: kwangua, mimina dawa, paka mrututu, funika, subiri. Ila siku hizi kabla sijapanda ngazi huwa namuuliza mwenye mti, mti huu kazi yake nini hapa kwako? Wengine hunishangaa. Muulizeni hivyo hivyo, awashangae na ninyi.

Mwezi uliopita, baada ya ninyi kuniaga, nilikwenda Butiama kumuaga Mama Katekista. Nilipanda moja ya gari ndogo za abiria tunazoita michomoko, mche wa mtende mapajani, mdogo mzuri, niliouotesha mwenyewe. Tulipokaribia, dereva akapaza sauti bila kugeuka.

"Kwa Wambura! Kwa Wambura kuna wa kushuka?"

Nilishtuka nikasahau kujibu. Mwanamke wa nyuma akasema, "Shusha." Nilipokuwa nashuka nilimuuliza dereva Wambura ni nani.

"Sijui, mama. Mimi nimekuta panaitwaga hivyo."

Pale barabarani, mbele ya nyumba, watu walikuwa wamekaa wakisubiri gari. Kisiki kimeoza siku nyingi, na mahali pake kuna benchi. Mama Katekista amezeeka, anaona kwa shida, lakini uwanja bado una mistari ya ufagio. Nilimwamkia, nikampa mche. Akaupapasa, akacheka.

"Mpe mwingine huu. Mimi nitakufa kabla haujafika dirishani."

Tuliketi mlangoni. Gari nyingine ilisimama, kondakta akaita jina lile mara mbili tatu kwa sauti ya kuchoka, watu wakashuka, wengine wakapanda, ikaondoka. Haikupita muda, pikipiki ikafika, abiria akiwa kwenye simu, anamwelekeza mtu: niko hapa kwa Wambura, njoo kwa Wambura. Nilimtazama Mama Katekista. Alikuwa anachambua mboga kwa vidole, hana haraka.

"Wanamwitaga kutwa nzima," akasema. "Asubuhi mpaka giza. Hata wasiomjua."

"Nimesikia, dada."

"Mara moja moja ninaitikaga."